Diwani Aliyefunga Chekechea ya Rafiki Yake

Kabla hajawa diwani, Gerlinde Poschmann alikuwa fundi wa meno. Hakuwa daktari. Daktari alikaa mbele na wagonjwa. Yeye alikaa chumba cha nyuma cha zahanati kubwa ya wilaya, mashariki ya Berlin, akichonga meno ya bandia huku redio ikiimba kwa sauti ya chini. Nusu ya wazee wa mtaani kwao walitafuna mkate kwa kazi ya mikono yake bila kuijua sura yake, na hilo lilimfaa. Hakuwahi kuingia chama kilichotawala, na wala hakuwahi kusimama hadharani kukipinga. Alikuwa na mume, Eckhard, mfanyakazi wa kiwanda cha balbu. Alikuwa na kijana wake aliyekwisha kuoa na kuhamia Rostock. Na alikuwa na Inge Radtke.

Inge aliishi chini yake, ghorofa ya pili. Walihamia jengo lile mwaka mmoja, wote wawili wakiwa na mimba, wakawa wanabebeana ndoo za makaa ngazini kwa zamu, kutegemea nani alikuwa amechoka zaidi. Inge ndiye alikuwa mkuu wa chekechea ya mtaani, nyumba ya zamani yenye bustani na mcheri mkubwa nyuma yake. Kijana wa Gerlinde alikulia mle. Jumamosi alasiri wanawake hao walikunywa kahawa kwa keki ya plamu na kuwateta waume zao, na waume wakiwa chumba cha pili walikohoa ili ijulikane kwamba wanasikia.

Vuguvugu la mwaka themanini na tisa lilipoanza, Inge ndiye aliyemvuta kwenda kwenye mikutano ya kanisani.

"Twende tukasikilize tu, Linde. Kusikiliza si dhambi."

Wakaenda, wakasikiliza, wakashika mishumaa na wengine. Mara Ukuta uliogawa jiji ukafunguka, na majira ya kuchipua yaliyofuata ukatangazwa uchaguzi wa halmashauri za wilaya, wa kwanza ambao matokeo yake hayakujulikana kabla ya kura. Vikundi vya wananchi vilitafuta watu wasio na doa. Inge akasimama katikati ya mkutano na kulitaja jina la rafiki yake.

"Mimi nina nini cha kwenda kusema barazani?" Gerlinde alimuuliza walipokuwa wakirudi nyumbani.

"Yale unayoniambia mimi kila siku. Nyumba kwa kujuana, gari kwa kujuana, hata nafasi ya chuo kwa kujuana. Wewe hujuani na mtu, shoga yangu. Sifa ndiyo hiyo."

Akachaguliwa, na halmashauri ikamkabidhi idara ya watoto na vijana. Miezi ya mwanzo alikwenda kazini kama mtu aendaye harusini. Hakuna aliyejua sheria ipi inafanya kazi na ipi imekufa, kwa hiyo walikaa, wakabishana, wakaamua, na jambo likafanyika. Oktoba nchi mbili zikawa moja. Desemba jiji zima lilipiga kura pamoja, na Januari bunge la jiji la pande zote mbili likakutana kwa mara ya kwanza, kanisani. Gerlinde alilitazama kwenye televisheni, akamshika Eckhard mkono. Eckhard, ambaye kiwanda chao kilikuwa kimeanza kupunguza watu, aliuacha tu mkono ushikwe.

Kisha wakaja watu wa magharibi. Wapo waliotumwa kusaidia, na wapo waliokuja kutafuta vyeo. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini wageni hawa walikuja na sheria zao, mihuri yao, hata namna yao ya kupanga viti. Aliyeletwa kusimamia fedha za wilaya aliitwa Daktari Volkmar Thiessen, daktari wa shahada, si wa tiba. Alikuwa mrefu, mwenye macho ya usingizi, aliyepanga chumba kwa mjane mmoja nyuma ya stesheni na kurudi kwa mkewe magharibi mwa jiji siku za mapumziko, kwa treni ya mwendo usiofika nusu saa. Gerlinde alijaribu kumchukia, akashindwa. Mtu yule alikuwa akisema kweli, na akiisema kwa upole, kama daktari anayetoa habari za uvimbe.

"Bi Poschmann," alimwambia siku moja mwezi wa pili, amesimama mlangoni kwake na kikombe cha kahawa iliyopoa. "Umesikia watoto wangapi wamezaliwa wilayani tangu mwaka jana?"

"Nimesikia. Watu wana hofu. Mwenye hofu hazai."

"Na waliokwisha kuzaa wanahamia upande wetu. Serikali ya jiji inalipia vyumba vitupu. Ruzuku ya serikali kuu kutoka Bonn inakatwa, sasa hivi jiji lenyewe halina fedha. Chekechea kadhaa lazima zifungwe kabla mwaka wa shule haujaisha. Tusipozitaja sisi, watazitaja wao, na wao hawazijui hata mitaa yenyewe."

Gerlinde alifikiri juu ya hilo kwa siku nyingi, na mwishoni akaamua kwamba ni heri kisu kishikwe na mkono unaoujua mwili. Akaanza kuzizungukia chekechea moja moja. Nyingine zilikuwa rahisi, majengo yaliyokuwa yakivuja, watoto wakihesabika kwa vidole vya mkono. Ugumu ulikuja mtaani kwake mwenyewe. Zilikuwapo mbili zinazokaribiana, moja ya Inge, nyingine ng'ambo ya reli, boksi la zege la rangi ya majivu, lisilo hata na kichaka.

"Mojawapo," Thiessen alisema. "Chagua wewe." Akaongeza bila kumtazama, "Ile yenye bustani ni nzuri. Ukiichagua ibaki, hakuna atakayekuuliza sababu."

Asubuhi iliyofuata Gerlinde alikwenda ng'ambo ya reli. Alifika kukiwa bado na giza la baridi, moshi wa makaa ukikaba koo, akakuta taa zinawaka na watoto wanaingizwa wakiwa nusu usingizini. Mwanamke mmoja kijana, koti limejaa unga, alikuwa akimvua mwanawe viatu. Jina lake Simone Jahnke, muokaji wa zamu ya alfajiri katika kiwanda cha mikate, asiye na mume.

"Wewe ndiye wa halmashauri?" Simone alimuuliza. "Umekuja kutupima kama jeneza?"

"Nimekuja kuangalia."

"Basi angalia. Wenye magari wamekwenda zao. Hapa tumebaki sisi wa zamu. Ukifunga hapa, mimi nikimpeleka mtoto ile ya wenye mcheri lazima nichelewe zamu, na siku hizi ukichelewa mara mbili wanakuonyesha mlango. Wa kufukuzwa wanatafutwa kwa tochi."

Gerlinde aliangalia. Vyumba vilikuwa vimejaa. Kwa Inge, alijua bila kwenda, nusu ya vitanda vya kulalia mchana vilikuwa vimeegeshwa ukutani tangu Krismasi. Hapakuwa na fumbo lolote. Mtu yeyote asiyemjua Inge angeamua kwa dakika moja.

Jumamosi hiyo alishuka ghorofa ya pili na keki mkononi, akamwambia. Alitaka ayasikie kwake, si kwa watu.

Inge alimimina kahawa mpaka ikafurika kwenye sahani, akaweka birika chini.

"Umemaliza kuamua, au umekuja kuniuliza?"

"Naipeleka barazani Jumatano."

"Kwa hiyo bado." Inge alivuta kiti karibu. "Linde, nisikilize. Nina miaka hamsini na mmoja. Sasa wanasema hata vyeti vyetu havitoshi, tukasome upya na wasichana wa miaka ishirini. Nikitoka pale siingii tena popote. Ile ya ng'ambo ina mkuu kijana, ana umri wa kuanza upya. Badilisha. Wewe mwenyewe umesema yule Mmagharibi amekuachia."

"Imejaa, Inge. Kwako ni nusu."

"Itapungua na yao. Subiri mwaka."

"Wale mama wa zamu watakwenda wapi mwaka huo?"

"Na mimi nitakwenda wapi?" Inge hakupandisha sauti. "Nani alikupeleka kanisani? Nani alisimama mkutanoni akalitaja jina lako?"

"Wewe. Na ulinitaja kwa sababu sijuani na mtu. Ulisema mwenyewe."

Inge alimtazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kumtambua anayebisha hodi.

"Nilisema hujuani na wao," akasema. "Sikusema hunijui mimi."

Alisimama akaondoa sahani mezani, ya Gerlinde ikiwa haijaguswa. Kupitia mlango wazi Gerlinde aliwaona Eckhard na mumewe Inge wakitazama mpira, hawajui lolote, chupa za bia mbele yao. Aliona wivu.

Jumatano baraza likapitisha. Waliokuwa chama tawala zamani, sasa wamebadili jina na kukaa upinzani, ndio waliopaza sauti kuitetea chekechea, naye Gerlinde akajikuta akipigiwa makofi na madiwani wa vyama vilivyotoka magharibi, ambao hakutaka makofi yao. Ukumbini juu, walikokaa wananchi, mama mmoja wa mtaani kwao aliinama kwenye ukingo akasema kwa sauti ya kawaida, iliyosikika vizuri makofi yalipokwisha, "Zamani walikuwa wanatuma wageni kutuumiza. Siku hizi wanamtuma jirani."

Wiki iliyofuata wazazi, pamoja na walezi waliofanya kazi mle, wakaingia chekecheani jioni watoto walipochukuliwa, wakafunga milango kwa ndani na kukataa kutoka. Walitundika shuka dirishani iliyoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba nyumba hii ina wenyewe. Siku ya tatu magazeti yalikuwa mlangoni.

Mkuu wa wilaya akawaita Gerlinde na Thiessen. Alitaka polisi. Alisema jengo ni mali ya umma, na kwamba leo ni chekechea, kesho itakuwa ofisi yake.

"Umesahau Novemba?" Gerlinde alimuuliza.

Hakuna aliyesahau Novemba. Polisi walikwenda kuvunja milango ya nyumba zilizokaliwa na vijana katika wilaya jirani, barabara ikawa uwanja wa vita, na serikali ya jiji upande wa magharibi ikavunjika kwa sababu hiyo, wiki chache tu kabla ya uchaguzi.

"Wale walikuwa wahuni," alisema mkuu wa wilaya.

"Hawa ni walezi na wapishi. Ukipeleka polisi, watanikuta na mimi nimo ndani. Mtajua wenyewe mtakavyowaeleza waandishi."

Thiessen alisugua macho. "Bi Poschmann, huwezi kuwa mwenye kufunga na mwenye kufungiwa."

"Basi nionyesheni mwingine anayeweza kuingia mle."

Alikwenda peke yake, mchana, kwa miguu. Aligonga. Inge ndiye aliyefungua, amevaa aproni, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Ndani, jikoni, walikuwa wanachemsha supu ya Kirusi ya solyanka kwenye sufuria kubwa ya watoto, na watu wazima wamekaa kwenye viti vile vidogo, magoti yakigusa videvu.

"Diwani amekuja kula kwetu," alisema mmoja. "Mpeni kijiko kidogo, amezoea kupunguza."

Wengine wakacheka. Gerlinde alivuta kiti naye akakaa chini kama wao. Aliwaeleza kwamba itafungwa. Alisema hivyo kwanza, wazi, kwa sababu aliona kwamba wapo waliodhani amekuja kulegea. Kisha akasema kwamba kufunga katikati ya mwaka, kama ilivyopangwa, ni ukatili usio na faida. Kwamba watoto wanaokwenda shule Agosti wamalizie humuhumu, na walezi wahamishwe kwa mpango badala ya kutupwa. Hakuwa na idhini ya kuyasema hayo. Aliyasema tu, akijua kwamba kuanzia hapo ama atayatimiza ama atajiuzulu.

"Na Inge?" aliuliza mpishi.

Gerlinde alimtazama rafiki yake, aliyekuwa amegeuka akikoroga sufuria.

"Kule ng'ambo kuna mkuu tayari. Inge akitaka, atapata nafasi ya ulezi, na masomo ya cheti yatalipiwa."

"Niwe chini ya yule binti," Inge alisema bila kugeuka. "Nikapangiwe na yeye saa ya kunywa chai."

"Ni kazi, Inge."

"Ndiyo. Ni kazi." Akachota supu kwenye bakuli, akaiweka mbele ya Gerlinde kwa adabu ile ile ambayo angempa mgeni asiyemjua. "Kula, itapoa."

Wazazi na walezi wakakubali, wakatoka siku iliyofuata. Gerlinde alipambana na Thiessen kwa ajili ya miezi ile mpaka wakafikia kusemeshana kwa ukali. Mwishowe Thiessen alikunja mikono na kusema, "Sawa, hadi kiangazi. Lakini ujue, nyumba ile itameza pesa za paa la ile ya ng'ambo, na paa hilo hutakuja kuniomba." Alitimiza neno lake kwa yote mawili.

Kiangazi walifunga. Gerlinde hakualikwa kwenye karamu ya kuagana, ila aliisikia akiwa juu kwake, madirisha yakiwa wazi: akodiani, watoto wakipiga kelele bustanini, kisha watu wazima wakiimba. Eckhard, ambaye sasa alikuwa nyumbani siku nzima, alikuwa amekaa dirishani anavuta sigara.

"Ungeshuka," alisema.

"Wangenitoa."

"Wangekutoa, halafu wangekunywa wakakurudisha. Watu ndivyo walivyo. Nyinyi wa halmashauri mmesahau."

Hakushuka. Baadaye, alipokuwa akikumbuka mambo yale, hiyo ndiyo sehemu pekee aliyodhani alikosea.

Mei ya mwaka uliofuata wilaya zote za jiji zilichagua upya halmashauri. Kikundi cha Gerlinde kilikosa kura, na mahali kilipokosa zaidi ni mtaani kwake. Ng'ambo ya reli, ambako alitarajia angalau shukrani, wengi hawakwenda kupiga kura kabisa. Thiessen alimletea maua ofisini, akasimama nayo mlangoni asijue ayaweke wapi.

"Ulikuwa diwani mzuri," alisema.

"Nilikuwa diwani wa mara moja," Gerlinde alijibu. Alichukua koti lake na kushuka kwa ngazi.

Zahanati kubwa ilikuwa imevunjwavunjwa na madaktari wamefungua kila mmoja yake. Akapata kazi kwa fundi wa meno huko Wedding, upande uliokuwa magharibi, kwenye barabara ambayo zamani angeweza kuisikia kelele zake lakini asiweze kuifikia. Wenzake walikuwa watu wema, waliomuuliza maswali juu ya maisha ya zamani kama watu wanaomuuliza mgonjwa habari za hospitali. Eckhard hakupata kazi tena. Alijifunza kupika, na akapika vizuri.

Inge hakuichukua nafasi ya ng'ambo ya reli. Aliingia masomoni na wasichana wa miaka ishirini, akapata cheti, akaajiriwa chekechea moja huko Spandau, mwisho kabisa wa jiji upande wa pili, akisaidia, si kuongoza. Alikuwa akitoka kukiwa giza na kurudi kukiwa giza. Gerlinde alizijua hatua zake ngazini. Walipokutana mlangoni, Inge alisema "Siku njema" kwa sauti iliyofungwa kama koti, akapita.

Mwaka wa tisini na nne walifunga na ile ya ng'ambo. Paa lilikuwa limeanza kuporomoka, na watoto walikuwa wamebaki wachache. Gerlinde aliambiwa na Simone Jahnke, waliyekutana sokoni mbele ya meza ya viazi.

"Mwanangu alikuwa keshaingia shule," Simone alisema. "Mimi sikuumia sana. Ulinipa miaka mitatu, Bi Poschmann. Si haba." Alichagua kiazi, akakirudisha. "Lakini kiwanda nacho kilifungwa mwaka jana, kwa hiyo sijui miaka hiyo nilikuwa nakimbilia nini."

Gerlinde alirudi nyumbani, akamhadithia Eckhard, naye Eckhard akasema, "Basi Inge alikuwa sahihi. Alikwambia usubiri."

"Hakuwa sahihi," Gerlinde alisema. "Alibahatisha tu."

Lakini usingizi ulimpaa kwa siku kadhaa.

Miaka miwili baadaye, jioni ya mvua mwezi wa Novemba, alipanda tramu akitoka kazini, na nafasi pekee iliyokuwa wazi ilikuwa kando ya Inge. Alisita, kisha akakaa. Walikwenda vituo vitatu, maji yakitiririka kwenye vioo. Inge alikuwa amezeeka. Alikuwa na mfuko wa karatasi magotini, na ndani yake taa za karatasi za watoto, zile wanazotembea nazo barabarani usiku katika sikukuu ya Novemba.

Inge ndiye aliyeanza, macho yakiwa mbele.

"Nimefikiria mara nyingi. Ningerudishwa siku ile na kahawa ile, ningekuomba tena."

"Najua."

"Na wewe?"

Gerlinde alifikiri. Alitaka kusema jambo jingine. Alikuwa na maneno mengi ya upole aliyoyaandaa kwa miaka mitano, na yote yalikuwa ya uongo kidogo.

"Ningekataa tena."

Inge aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeelezwa bei na kuiona ni ile ile aliyoitarajia.

"Ndiyo maana nakusalimu siku njema tu," alisema. "Sina zaidi. Nimetafuta, sina."

"Siku njema yatosha, Inge."

"Haitoshi. Lakini ndiyo iliyopo."

Kituo chao kikafika. Wakashuka pamoja kwa sababu hapakuwa na namna nyingine, na wakashika njia moja kwa sababu jengo lao ni moja. Walipopita mbele ya ile nyumba yenye bustani, kampuni iliyoinunua ilikuwa imeweka jukwaa la mafundi mpaka juu ya paa, na upepo ulikuwa unapiga turubai lake. Hakuna aliyelitazama. Inge alikuwa akiukinga mfuko wake kwa koti ili taa zisilowe, na Gerlinde, baada ya hatua chache, akafungua mwavuli, akausogeza kidogo upande wa mfuko. Inge hakushukuru. Hakusogea pembeni pia.